Pazia la vizibo vya soda: mwongozo kamili kutoka gunia la baa hadi ukumbi wa maonyesho

Kazi ya sanaa iliyotengenezwa kwa vitu vya kila siku ina ugumu ambao mchoro wa rangi hauna: kila anayeingia ukumbini anakijua kitu ulichotumia. Amefungua soda mara nyingi, amebeba dumu la maji tangu utotoni. Humdanganyi kuhusu kizibo. Kitakachomfanya asimame ni wingi wa vizibo, namna vilivyoungwa, na jinsi vinavyoning'inia na kupokea mwanga. Kwa hiyo hapa wazo tutalipitia haraka, na muda mwingi utaenda kwenye matundu, waya na ndoano, maana huko ndiko kazi nyingi zinakofia.

Mfano tutakaoufuata ni pazia la vizibo vya chuma lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 2.5. Ni kubwa vya kutosha kujaza ukuta mmoja wa ukumbi wa kawaida, na watu watatu wanalimudu.

Waliotangulia na la kujifunza kwao

El Anatsui, aliyezaliwa Anyako nchini Ghana mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, ndiye aliyeifanya mbinu hii ijulikane duniani. Anatumia vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali, vinavyokatwa, kukunjwa na kuungwa kwa waya wa shaba. Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake, na kuanzia Oktoba 2023 mapazia yake makubwa yalijaza ukumbi wa Turbine wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Usiige rangi zake wala mikunjo yake. Cha kuchukua ni kwamba kazi zake hazina umbo la kudumu. Pazia lilelile likitundikwa ukumbi mwingine hukunjwa upya, na hilo linawezekana kwa sababu viungo vimeachwa vilegee.

Romuald Hazoumè wa Benin alichukua madumu ya petroli, yale yanayotumika kuvusha mafuta ya magendo kutoka Nigeria, akayakata yakawa sura za watu. Kazi yake La Bouche du Roi ina madumu 304 yaliyopangwa kwa mpangilio wa meli ya watumwa, na ilinunuliwa na British Museum, jumba la makumbusho la London, mwaka 2007. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954 na mshindi wa Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, alichora nyuso na mandhari juu ya vyombo 100 vya mezani vilivyokwisha tumika. Wote watatu walichagua kitu ambacho tayari kilikuwa na kazi yake duniani, wakakizidisha. Hawakuchanganya vitu vya aina ishirini. Ukileta chupa, viatu, vijiko, simu mbovu na matairi katika chumba kimoja, mtazamaji ataona stoo ya chuma chakavu. Aina moja ya kitu na kiungo kimoja vinatosha. Ukiongeza aina ya pili, iwe na sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja.

Hesabu kabla ya kununua chochote

Kizibo cha soda au bia kikigongwa kikawa bapa huwa na kipenyo cha karibu milimita 34. Ukiacha nafasi ya milimita moja au mbili kati yake na jirani yake, vinaingia 28 katika kila mita. Kwa upana wa mita 3 ni vizibo 84, na kwenda chini mita 2.5 ni mistari 70. Jumla ni vizibo 5,880.

Kila kizibo kinahitaji matundu manne, kwa hiyo ni matundu 23,520. Viungo vitakuwa karibu 11,600, na kila kiungo kinakula waya wa sentimita 8. Hiyo ni mita 930 hivi za waya, ambazo kwa shaba yenye unene wa milimita 0.6 ni karibu kilo 2.4. Nunua kilo 3, kwa kuwa waya unakatika na vipande vifupi havifai.

Muda sasa, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mtu aliyezoea anabapa vizibo 200 kwa saa, anatoboa 100 kwa saa, na anafunga viungo 60 kwa saa. Piga hesabu: saa 30, saa 59 na saa 194. Watu watatu wakifanya saa nane kwa siku wanahitaji siku 12, bila kuhesabu kuosha wala kutundika. Anayeahidi ukumbi kwamba kazi itakuwa tayari baada ya wiki moja atafunga viungo usiku, na viungo vya usiku ndivyo vinavyoachia siku ya ufunguzi.

Ukiona hesabu hiyo inakushinda, tumia madumu ya njano ya lita 20. Dumu moja likikatwa pande zake nne tambarare linatoa karibu asilimia 20 ya mita ya mraba. Pazia la ukubwa uleule linahitaji madumu 38 hivi, ukiyakata vipande vya sentimita 10 kwa 10 unapata vipande 750, na kazi ya kutoboa na kufunga inashuka kuwa siku tatu hadi nne. Tutarudi kwenye madumu, yana masharti yake.

Kukusanya na kusafisha

Zungumza na baa, migahawa na vioski vitano au sita, uwaachie gunia na urudi kila wiki. Usihesabu vizibo kimoja kimoja. Pima 100 kwenye mizani ya jikoni. Kwa kawaida ni gramu 220 hivi. Ukijua uzito wa vizibo vyako 100, unapima gunia zima kwa mizani ya dukani. Unahitaji karibu kilo 14.5, yaani vizibo 6,600, ili ubaki na akiba ya kufidia vile vilivyopinda vibaya au kuota kutu.

Waya wa shaba unapatikana kwa mafundi wanaosuka upya mota na feni, ambao huutoa kwenye mota zilizoungua. Omba risiti au karatasi iliyoandikwa kwa mkono na muuzaji. Shaba inaibwa kwenye nyaya za umeme na simu, na Kenya ilifika mahali pa kusimamisha biashara nzima ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa mwaka 2022. Hutaki kueleza polisi kuhusu sanaa ukiwa na kilo tatu za shaba zisizo na asili.

Vizibo vikifika, vimwage kwenye ndoo, mimina maji ya moto na sabuni ya unga, acha dakika 10. Joto linalegeza utando wa plastiki ulio ndani ya kizibo, na unautoa kwa ncha ya bisibisi bapa. Usiuache. Ukiuacha, nyundo inadunda badala ya kubapa, na sukari iliyonasa chini yake itawaita sisimizi na mende ukumbini baada ya siku tatu. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe: klorini inakula chuma na kutu huanza siku hiyohiyo. Suuza, tandaza kwenye gunia juani kutwa nzima, ugeuze mara mbili. Vikiingia stoo na unyevu, utafungua gunia la kutu.

Kubapa na kutoboa

Tafuta kipande cha chuma kizito chenye uso laini. Kipande cha reli au cha boriti kinafaa. Weka kizibo meno yakiangalia juu, gonga katikati mara moja taratibu, kisha pembeni kwa kuzungusha. Anayegonga kwa nguvu mara moja anapata kizibo kilichokunja meno ndani, na meno hayo yatachana vidole vya anayefunga. Glavu nene kwa anayegonga, miwani kwa kila aliye karibu, na vitu vya masikioni, kwa sababu saa 30 za nyundo juu ya reli si mchezo.

Kutoboa kunaharakishwa na drili yenye kipekecho cha milimita 2. Panga vizibo vitatu vitatu, vibane kwenye jiliwa kati ya vibao viwili vya plaiwudi, toboa vyote kwa pamoja. Kibao cha juu kiwe na matundu manne yaliyokwisha pimwa: juu, chini, kulia na kushoto. Bila drili, tumia msumari wa inchi 2 ulionolewa, ukigonga kutoka upande wa rangi kwenda nyuma ili ukingo mkali wa tundu ubaki nyuma.

Tundu likae milimita 4 kutoka ukingoni. Likiwa karibu zaidi, bati linachanika pazia likivutwa. Likiwa mbali zaidi, vizibo vinapandana na pazia linakuwa gumu, halikunjiki. Pima kwenye vizibo kumi vya kwanza, kisha vining'inize na chupa ya maji ya lita moja na nusu usiku kucha. Asubuhi utajua kama kipimo chako ni sahihi kabla hujatoboa vingine 5,870.

Kutoboa kunaacha chuma wazi. Pale ambapo shaba inagusa chuma kilicho wazi penye unyevu wa chumvi, chuma hula hasara na kuota kutu haraka kuliko kama kingekuwa peke yake. Nairobi au Arusha ndani ya ukumbi mkavu hutaona tofauti kwa miezi. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ukumbi wenye madirisha wazi kuelekea bahari, alama za kahawia zitatokea kuzunguka matundu baada ya wiki chache. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupuliza vanishi isiyo na rangi pande zote mbili baada ya kutoboa, tabaka mbili jepesi, nje penye upepo. Ya pili ni kutumia waya wa shaba ambao bado una rangi yake ya kuhami ya kiwandani. Usiuchome moto kuiondoa. Ukifanya zote mbili, vizuri zaidi. Kama kutu ndiyo unayoitaka, basi ruka yote haya, ila tandaza karatasi chini maana inadondoka.

Kufunga

Usifume pazia zima kwa mkupuo. Tengeneza vipande vya nusu mita kwa nusu mita, kila kimoja vizibo 14 kwa 14, yaani vizibo 196. Vipande ni 30, sita kwa upana na vitano kwenda chini, na mwisho vinaungwa pamoja kwa waya uleule. Kimoja kina uzito wa nusu kilo hivi, mtu anaweza kukishika mapajani akiwa ameketi, na kikiharibika unabadilisha hicho tu.

Chora mistari kwenye ubao wa plaiwudi, kila milimita 36, na upange vizibo juu yake ukiamua rangi. Piga picha kabla ya kufunga. Kata waya wote wa kipande kimoja mapema, vipande vya sentimita 8, ukiuzungusha kwenye kibao na kukata pembeni kwa koleo.

Pitisha waya kwenye matundu mawili yanayotazamana, lete ncha nyuma, acha kitanzi kilegee kiasi cha ncha ya kalamu kupita, kisha sokota mara tatu. Mara mbili inafunguka. Mara tano shaba inachoka na kukatika shingoni, na mbaya ni kwamba haikatiki mikononi mwako, inakatika wiki mbili baadaye. Kata ncha ibaki milimita 5 na uilaze nyuma. Kitanzi kikikazwa sana, kizibo hakigeuki, na pazia linakaa kama bati la mabanda badala ya kudondoka kama kitambaa.

Safu tatu za juu za pazia zifungwe kwa waya maradufu, kwa kuwa zinabeba uzito wa zote zilizo chini. Zaidi ya hapo, ukikunja pazia, uzito unahamia kwenye vizibo vichache vilivyo juu ya mkunjo. Fikiria mikunjo mapema na uongeze waya sehemu hizo pia.

Ukitumia madumu

Chukua yale yaliyobeba maji au mafuta ya kula. Dumu lililobeba petroli au dizeli lina mvuke hata baada ya kuoshwa, na cheche ya drili inatosha. Lililobeba dawa ya kilimo usilipeleke hata kwenye karakana. Kunja ukingo wa dumu kwa nguvu: likigeuka jeupe na kupasuka, jua limelimaliza, liache.

Plastiki hii haishikani na gundi wala rangi. Kila mwaka kuna mtu anayepaka rangi madumu, na kila mwaka rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Funga kwa waya, na rangi iwe ileile ya njano na mikwaruzo yake. Toboa kwa milimita 3, lainisha kingo kwa msasa, na usitoboe kwa msumari wa moto ndani ya chumba. Faida yake kubwa ni mwanga: taa ikiwa nyuma, pazia zima linawaka njano, jambo ambalo kizibo cha chuma hakiwezi.

Kutundika

Pazia la vizibo lina kilo 15 hadi 16. Bomba la mabati la inchi moja lenye mita 3 lina kilo 7 hivi. Jumla ni kilo 23, mzigo mdogo, ila unaning'inia juu ya vichwa vya watu. Kanuni ya kushika ni kwamba kila sehemu ya kutundikia iweze kubeba mzigo wote peke yake. Weka nne: moja sentimita 20 kutoka kila ncha ya bomba, na mbili kati yake.

Dari ya jipsamu haibebi chochote. Toboa uone kilicho juu yake. Penye kenchi za mbao, tumia pete ya skrubu iliyofungwa kabisa, iingie kwenye mbao angalau sentimita 5. Penye zege, toboa kwa drili ya nyundo kina cha sentimita 6, puliza vumbi lote litoke, kisha weka bolti ya kutanuka ya M8, yaani ya unene wa milimita 8. Vumbi likibaki tunduni, bolti inaonekana imekaza na baadaye inateleza. Plagi za plastiki za ukutani hazitumiki darini, zinavutwa moja kwa moja kutoka kwenye tundu. Ndoano zilizo wazi nazo ziache, kamba inaruka pazia likitikiswa.

Kutoka darini shusha kamba ya waya wa chuma ya milimita 3, ifungwe kwa klipu za U tatu kila ncha. Klipu ina upande wa tandiko na upande wa mkono wenye umbo la U. Tandiko likae juu ya kamba inayobeba mzigo, mkono wa U ubane ncha fupi iliyokufa, yaani isiyobeba mzigo. Mafundi wengi hugeuza, na mkono wa U unaponda kamba hai kidogo kidogo.

Kabla pazia halijafika, funga mfuko wa saruji wa kilo 50 katikati ya bomba, uwe sentimita 10 tu juu ya sakafu, uuache siku nzima. Weka alama ya kalamu pale kila bolti inapokutana na zege. Kesho yake alama zikiwa zimesogea hata milimita moja, toboa upya mahali pengine.

Kupandisha kunahitaji watu watatu. Tandaza turubai, laza pazia juu yake uso ukiangalia juu, lifunge kwenye bomba kila sentimita 10 kwa waya maradufu. Wawili wapande ngazi na kuinua pande zote kwa wakati mmoja, wa tatu akisindikiza pazia linapoacha sakafu. Upande mmoja ukitangulia, uzito wote unaangukia pembe moja na utasikia viungo vinavyoachia kimoja baada ya kingine. Hilo ndilo kosa linaloharibu mapazia mengi kuliko kutu na wezi kwa pamoja.

Pazia likae sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani ili lipate kivuli. Ukingo wa chini uwe sentimita 30 juu ya sakafu, vinginevyo mopu ya usafi italinasa. Mbele yake acha njia ya mita 1.2 angalau, na mahali pa kurudi nyuma mita 4, kwa sababu umbo la jumla halionekani karibu.

Taa

Tumia taa za LED zenye mwanga wa kelvini 3,000, yaani mweupe wenye unjano kidogo, zikimulika kutoka pembeni badala ya usoni. Taa ya mbele inafuta kivuli cha kila kizibo na pazia linakuwa bapa kama bango. Weka mbili upande mmoja na moja hafifu upande wa pili, zote mita 1.5 au zaidi kutoka kwenye kazi. Taa za zamani za halojeni zinatoa joto linalolegeza plastiki ya madumu. Umeme ukikatika siku ya ufunguzi, na utakatika, uwe na taa mbili za kuchaji ambazo tayari umejua zitasimama wapi.

Maandishi, wageni na vibali

Kadi ya kazi iwe sentimita 10 kwa 15, katikati yake mita 1.4 kutoka sakafuni, herufi zinazosomeka kwa umbali wa hatua moja. Andika jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, na vipimo kwa kuanza na urefu. Kwenye vifaa andika «vizibo vya chupa, waya wa shaba, bomba la mabati». Neno «vifaa mchanganyiko» halimwambii mtu kitu. Maelezo marefu yasizidi maneno 150, na yasimwambie mgeni ahisi nini.

Watu watashika, hasa watoto, na bango la kukataza halizuii. Tengeneza kipande kidogo cha vizibo 6 kwa 6, kitundike pembeni kwa kimo cha mtoto, uandike kwamba hiki kinashikwa. Pazia kubwa litapumzika.

Upande wa vibali, Tanzania Bara shughuli za sanaa zinasimamiwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kumbi zilizozoea maonyesho, kama Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, zina uzoefu wa kukuelekeza nini kinahitajika. Uliza wakati wa kukubaliana tarehe, siyo wiki ya ufunguzi. Na kama ulipanga kutumia mifuko ya plastiki kama malighafi, kumbuka imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Kuvuka nayo mpaka ukiwa na magunia mawili kunaweza kuishia forodhani.

Kushusha

Piga picha ya pazia likiwa bado limetundikwa, mbele na nyuma, na picha za karibu za kila kiungo kilichoachia. Lishushe kwa namna lilivyopanda, pande zote pamoja. Bandika namba kwenye kila kipande kwa tepu ya karatasi, upande wa nyuma, kuanzia juu kushoto.

Lizungushe kwenye bomba la plastiki la inchi 4, ukitandaza shuka la zamani kati ya tabaka na tabaka, uso wa rangi ukiwa nje. Ukiwa ndani vizibo vinakwaruzana. Safirisha na uhifadhi likiwa limelala. Likisimamishwa wima, vizibo vyote vinateremka na kurundikana upande mmoja, na utakapolifungua utakuta safu za chini zimepinda. Pamoja nalo weka mfuko wenye vizibo 100 vilivyokwisha tobolewa, waya uliokatwa wa kutosha viungo 200, na koleo moja, vyote ndani ya bomba hilohilo.